Tom Mboya: Safari za mtu mmoja zilizowafungulia wengi njia

Katika Kisiwa cha Rusinga, pale Ghuba ya Winam inapofunguka na kuungana na Ziwa Victoria lenyewe, kuna kaburi lililojengewa jengo lenye umbo la risasi. Ndani yake mmehifadhiwa picha, zawadi za ugenini na mkoba wa marehemu Thomas Joseph Odhiambo Mboya, mwanasiasa aliyeuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38.

Wengi humkumbuka Mboya kwa ufasaha wa ulimi wake, kwa vyama vya wafanyakazi alivyovijenga na kwa kifo chake cha ghafla. Ni wachache wanaomkumbuka kama msafiri. Hata hivyo, ukiyachunguza maisha yake kwa makini, utaona kwamba mengi ya mambo makuu aliyolifanyia taifa la Kenya yalichipuka safarini, hasa katika safari alizozifanya bila ujumbe, bila mkubwa wa kumtangulia na bila ndugu wa kumshika mkono.

Wahenga walinena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Maisha ya Mboya yaliongeza funzo jingine juu ya hilo. Alikwenda peke yake, akarudi na njia ambayo mamia ya wenzake waliipita.

Mwana wa kisiwa aliyezaliwa ugenini

Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella, walikuwa watu wa Rusinga. Kama walivyofanya wanaume wengi wa ufuo wa ziwa enzi za ukoloni, Ndiege aliondoka kwao kutafuta kazi ya mshahara, akawa msimamizi wa wakataji mkonge katika shamba la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Shamba hilo lilikuwa limeanzishwa na tajiri mzaliwa wa Marekani, Northrup McMillan. Huko ndiko Mboya alikozaliwa mnamo Agosti 15, 1930.

Hivyo basi, mtoto huyo alianza maisha akiwa mgeni. Nyumbani walizungumza Kijaluo, majirani walisema Kikamba na Kikuyu, na shambani watu wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili. Alizimudu lugha hizo zote angali mdogo, na baadaye zilimfaa sana katika majukwaa ya Nairobi.

Shule yake ya kwanza ilikuwa ya misheni ya Kabaa, Ukambani, ambako watoto waliandika mchangani kwa kukosa vibao na vitabu. Kutoka huko alihamia shule ya St Mary's, Yala, kaskazini magharibi mwa Kisumu, mnamo 1942.

Yala ilikuwa stesheni katika reli ndogo itokayo Kisumu kwenda Butere. Nayo Kisumu ndipo reli iliyoanzia Mombasa ilipofika ziwani mnamo 1901. Kwa miongo mingi mji huo ulikuwa mlango wa Nyanza nzima. Meli za ziwani zilitia nanga hapo, abiria wakashuka na mizigo yao, na waliokuwa na nauli wakapanda gari-moshi la kwenda Nakuru, Nairobi na pwani. Kila familia ya ufuo huo ilimjua mtu aliyeondoka kwa njia hiyo akaleta fedha, au aliyeondoka asionekane tena.

Mnamo 1946 Mboya aliingia shule ya sekondari ya Mangu, karibu na Thika. Alikuwa mwanafunzi hodari, lakini karo ilimshinda baba yake, ambaye alikuwa na watoto wengine wa kulea. Mwaka wa 1948 kijana huyo alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya, kwa kuwa wanafunzi hawakulipa karo huko na walipewa posho kidogo. Alihitimu mwaka wa 1950, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Aliyekuwa chumbani akaonekana hayupo

Kazini alikutana na ubaguzi wa rangi ana kwa ana. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile.

Kuna kisa kimoja ambacho Mboya mwenyewe alikisimulia katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1963. Siku moja alikuwa peke yake katika maabara akipima maziwa, mwanamke wa Kizungu akaingia na chupa ya maziwa mkononi. Mwanamke huyo alitazama huku na huku, kisha akauliza iwapo chumbani mlikuwa na mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Mnamo 1952 alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari kutokana na vita vya Mau Mau, na vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku baadaye. Vyama vya wafanyakazi vikabaki kuwa miongoni mwa milango michache iliyoachwa wazi. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23, Mboya alikuwa katibu mkuu wa KFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini Kenya.

Machi 1955, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma kwa maelfu, ndiye aliyeteremka pwani kuwatetea. Mgomo huo uliishia kwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 33. Jina lake likavuka mipaka ya Nairobi na kuanza kutajwa ng'ambo.

Oxford, 1955

Mwishoni mwa mwaka huo Mboya alipata ufadhili wa kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford, Uingereza. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi ambao hawakubahatika kufika vyuo vikuu.

Ni vyema kukumbuka maana ya safari kwa Mwafrika wa Kenya wakati huo. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kuwa na kipande. Wakati wa Hali ya Hatari, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizuiliwa kambini au kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa ua, na waliobaki nje hawakuweza kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Pasipoti ilitolewa kwa idhini ya serikali ile ile iliyokuwa ikipingwa. Kwenda ng'ambo peke yako, kwa shughuli uliyojichagulia, lilikuwa jambo la nadra.

Mboya aliutumia mwaka huo kwa bidii kubwa. Alisoma uchumi, siasa na uhusiano wa waajiri na waajiriwa. Nje ya darasa, alikutana na wabunge wa chama cha Leba, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wanafunzi kutoka makoloni mengine. Nchini Kenya, Mzungu aliyemfahamu alikuwa bosi, mmisionari au polisi. Mjini Oxford alikaa darasa moja na Waingereza waliotoka migodini na viwandani, watu ambao nao waliwahi kugoma na kuonja njaa. Kwa mpigania uhuru, hiyo ilikuwa elimu isiyopatikana vitabuni.

Isitoshe, upweke ule ulimlazimisha kujieleza. Waingereza wengi waliijua Kenya kupitia habari za Mau Mau magazetini, na mara nyingi habari hizo zilielemea upande mmoja. Mwanafunzi Mkenya aliyekuwa peke yake mezani hakuwa na mwenzake wa kumwachia swali gumu. Mnamo 1956 alichapisha kijitabu kilichoeleza tatizo la Kenya na suluhisho lake kwa mtazamo wa Mwafrika. Kilisomwa sana na watu waliohusika na sera za makoloni.

Marekani, safari ya kwanza

Masomo yalipokwisha, Mboya hakurejea nyumbani moja kwa moja. Katikati ya mwaka wa 1956, akiwa na umri wa miaka 26, alivuka Bahari ya Atlantiki kwa mwaliko wa Kamati ya Marekani kuhusu Afrika, shirika lililokuwa likiunga mkono harakati za uhuru. Alizunguka Marekani na Kanada kwa takriban miezi miwili akitoa hotuba.

Hakuwa na cheo cha serikali wala chama cha siasa nyuma yake. Hakuwa na msaidizi wa kumbebea makabrasha au katibu wa kumwandikia hotuba. Alitegemea ukarimu wa wenyeji, akahutubia makanisa, vyuo na mikutano ya wafanyakazi, akaulizwa maswali na kuyajibu papo hapo.

Huenda hapo ndipo siri ya msafiri wa peke yake ilipo. Wanaosafiri kwa kundi huketi pamoja, hula pamoja na huongea lugha yao, na mara nyingi hurudi wakijuana wao kwa wao zaidi ya walivyowajua wenyeji. Aliye peke yake hana budi kuamkua kwanza. Hukaribishwa mezani kwa kuwa kiti kimoja hupatikana kwa urahisi kuliko viti kumi, na wenyeji humchukua kama mtu badala ya kumpokea kama msafara.

Mboya alivuna matunda ya hali hiyo. Viongozi wa shirikisho kuu la wafanyakazi wa Marekani, AFL-CIO, walichanga dola 35,000 za kujenga makao ya KFL mjini Nairobi. Jengo hilo, Solidarity, lingali kwenye Barabara ya Digo, na baadaye likawa makao ya COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi uliochukua nafasi ya KFL mwaka wa 1965.

Aidha, alikutana na mfanyabiashara kijana, William Scheinman, aliyekuwa akiuza vipuri vya ndege. Urafiki wao ulianza kama jambo la watu wawili tu. Scheinman alianza kuwalipia nauli wanafunzi wachache wa Kenya waliokwisha kupata nafasi vyuoni nchini Marekani, kwa orodha aliyoletewa na Mboya. Hakuna aliyedhani kwamba mkondo huo mdogo ungekuwa mto.

Vilevile, safari hiyo ilimfikisha Marekani wakati weusi wa mji wa Montgomery, Alabama, walikuwa wakisusia mabasi yaliyowabagua. Mboya aliona kwamba dhiki aliyoiacha Nairobi ilikuwa na ndugu yake ng'ambo ya pili ya bahari, na kwamba waliokuwa wakiipinga huko wangeweza kuwa marafiki wa Afrika.

Kurudi nyumbani

Alirejea Kenya mwishoni mwa 1956, wakati Waafrika walikuwa wakijiandaa kwa uchaguzi wao wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi ulifanyika Machi 1957 kwa viti vinane. Mboya aligombea Nairobi akamshinda wakili Argwings-Kodhek. Katika eneo la Nyanza ya Kati, Jaramogi Oginga Odinga aliibuka mshindi.

Ushindi wa Mboya ulikuwa na uzito wa pekee. Nairobi haikuwa ngome ya kabila lake, na alihitaji kura za watu wa kila asili. Mtoto aliyekulia ugenini Kilima Mbogo, aliyezoea kusema na kila mtu kwa lugha yake, alikuwa amepata mahali panapomfaa.

Desemba 1958 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Watu wa Afrika Yote jijini Accra, Ghana, akiwa na umri wa miaka 28. Mkutano huo uliwaleta pamoja wapigania uhuru kutoka pembe zote za bara, wengi wao wakimzidi kwa miaka na kwa elimu ya vyuoni. Uzoefu wa kusimama peke yake mbele ya wageni ulimfaa alipokalia kiti hicho.

Ndege ya wanafunzi 81

Kufikia 1959 uhuru ulikuwa ukinukia, lakini swali moja liliwakera viongozi: nani angeiendesha nchi? Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili. Makerere, nchini Uganda, ilikuwa na nafasi chache zilizogombewa na vijana wa Afrika Mashariki nzima. Serikali ya kikoloni ilituma wanafunzi wachache Uingereza na haikuwa na haraka ya kuongeza idadi.

Aprili 1959 Mboya alirudi Marekani. Katika muda wa majuma matano hivi alizunguka miji mingi, akihutubia mara kadhaa kwa siku. Alizungumza katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na mwezi wa Mei akaandaliwa karamu mjini Atlanta, ambako Martin Luther King alikuwa miongoni mwa wenyeji wake. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Howard kilimtunuku shahada ya heshima. Yule ambaye hakuonekana katika maabara ya Nairobi sasa alisikilizwa na maelfu.

Kila alipokwenda aliomba jambo moja: nafasi za masomo. Vyuo vingi vilikubali kuwasamehe vijana wa Kenya karo. Ikabaki nauli. Scheinman na wenzake waliunda wakfu wa kuwasaidia wanafunzi wa Afrika, na mchezaji mashuhuri wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuomba michango. Watu wa kawaida walituma walichonacho, na ndege nzima ikakodiwa.

Huku nyumbani, vijiji viliitikia. Kutoka Mlima Kenya hadi Nyanza, wazazi waliuza ng'ombe na majirani wakaandaa karamu za chai za kuchangisha fedha, maana kila mwanafunzi alihitaji nguo na fedha za kujikimu. Familia ambayo haikuwahi kumwona mtoto wake akivuka mpaka wa wilaya sasa ilimsindikiza hadi uwanja wa ndege.

Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi na kutua New York. Wengi walikuwa hawajawahi kupanda ndege. Walikwenda kwa kundi, wakafarijiana angani, kisha wakatawanyika katika vyuo vya majimbo mbalimbali. Hapo kila mmoja alianza safari yake ya peke yake, kama aliyewatuma alivyofanya miaka mitatu awali.

Mwaka huo huo, kijana mwingine wa Nyanza aliyefahamiana na Mboya, Barack Obama wa Nyang'oma, Alego, alikwenda Hawaii. Hakuwa katika ndege ile ya kukodi, ingawa baadaye wakfu huo ulimsaidia. Mwanawe, mwenye jina kama lake, alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka wa 2008.

Maombi ya mwaka wa 1960 yalipozidi uwezo wa wachangaji, Mboya alirejea Marekani. Mnamo Julai 26, akiwa na marafiki aliowapata katika safari za awali, alikutana na Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Zaidi ya wanafunzi 200 walisafiri mwaka huo, miongoni mwao msichana kutoka Nyeri aliyekuja kujulikana kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka wa 2004. Kati ya 1959 na 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani walinufaika na mpango huo.

Wakoloni waliupinga. Walidai kwamba vyuo vingine vilikuwa vya hadhi ya chini na kwamba vijana wangetaabika ugenini. Ni kweli kwamba baadhi walikumbwa na baridi, ukata na ubaguzi. Hata hivyo, wengi walihitimu, wakarudi na kujaza ofisi za wizara, madarasa ya vyuo, hospitali na kampuni za Kenya huru.

Gharama ya njia ya peke yake

Safari hizo zilikuwa na bei yake. Wapinzani wa Mboya walimshuku kwamba alikuwa mtu wa Wamarekani. Fedha za vyama vya wafanyakazi kutoka nchi za Magharibi, zilizomjengea nguvu, zilikuwa pia silaha mikononi mwa waliomlaumu. Marafiki aliowapata akiwa peke yake walionekana kuwa marafiki wake binafsi, na si wa harakati nzima. Baadhi ya viongozi wenzake walihisi kwamba alikwenda mbali mno bila kuwangoja.

Hapa ndipo tofauti yake na Jaramogi ilipojitokeza. Wote wawili walikuwa wana wa ufuo mmoja, Odinga akitokea Sakwa, Bondo, na Mboya akitokea Rusinga, ng'ambo ya ghuba. Mboya alielekea magharibi. Mnamo 1960 Odinga alizuru Urusi na Uchina, kisha akawatafutia vijana nafasi za masomo katika nchi za kikomunisti. Wote wawili waliamini kwamba Kenya ingejengwa na waliosafiri. Walitofautiana kuhusu upande wa kuelekea.

Chama cha KANU kilipoundwa mwaka wa 1960, Mboya alikuwa katibu mkuu na Odinga makamu wa rais wa chama. Ushindani wao uliigawanya Nyanza. Mnamo 1966, katika mkutano wa Limuru, Mboya alishiriki pakubwa kumwondolea Odinga cheo chake chamani, na Odinga akajiuzulu serikalini na kuunda KPU. Mjini Kisumu na vijijini, wengi hawakumsamehe Mboya kwa hilo. Msafiri aliyekaribishwa katika kumbi za New York alipata baridi kwao.

Wakati huo alikuwa ameshika wizara kadhaa: Leba mwaka wa 1962, Sheria na Katiba mwaka wa 1963, kisha Mipango ya Uchumi. Waraka wa mwaka wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliotoka chini ya mkono wake, uliongoza sera za nchi kwa miaka mingi. Mnamo Januari 1962 alikuwa amemwoa Pamela Odede, binti ya Walter Odede, mwanasiasa wa Nyanza aliyewahi kuzuiliwa na wakoloni. Pamela naye alikuwa amesoma Ohio, Marekani.

Safari ya mwisho

Adhuhuri ya Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya aliingia katika duka la dawa kwenye barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alipotoka alipigwa risasi. Hakuwa na walinzi. Alifariki muda mfupi baadaye. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa, akapatikana na hatia na kunyongwa, lakini maswali kuhusu waliokuwa nyuma yake hayakuisha.

Baada ya ibada ya wafu jijini Nairobi, mwili wake ulipelekwa kwao kwa barabara. Msafara ulipita Nakuru na Kisumu, ukaendelea hadi Homa Bay na hatimaye Rusinga. Njia nzima watu walijipanga. Mjini Kisumu, ambako wengi walikuwa wamemnunia tangu mvutano wake na Jaramogi, umati mkubwa ulijitokeza kumlilia kama mwana wa kila boma.

Huo ndio mkasa wa maisha yake. Aliyezoea kuondoka peke yake akiwa na mkoba mkononi alisindikizwa na maelfu katika safari ambayo hakuweza kuona lolote. Waliomwonea shaka alipokuwa hai, kwa kuwa hakutembea na kundi lao, walijiunga na msafara wake alipokuwa kimya.

Miaka mingi imepita tangu siku hiyo. Kisiwa cha Rusinga, ambacho enzi za Mboya kilifikiwa kwa mashua, kiliunganishwa na Mbita kwa tuta katika miaka ya 1980, na sasa kuna daraja. Mjini Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina lake. Mjini Kisumu, chuo cha COTU kinachoitwa Tom Mboya Labour College hufundisha wafanyakazi masuala ya haki zao na mazungumzo na waajiri, somo lile lile lililompeleka Oxford mwaka wa 1955.

Vijana wa ufuo wa Ziwa Victoria wangali wanaondoka. Stesheni ya zamani ya reli imewaachia nafasi mabasi ya usiku na uwanja wa ndege wa Kisumu, na wengine huenda mbali zaidi, hadi Ghuba ya Uajemi, Ulaya na Marekani. Wengi huondoka peke yao, na wazazi huwasindikiza kwa hofu na matumaini. Kwao, maisha ya mwana wa Rusinga yanabeba wosia mmoja. Atembeaye peke yake huona mengi, hujifunza kujitegemea na hupata marafiki ambao kundi lingemnyima. Lakini raha hiyo hukamilika pale anapokumbuka waliobaki stesheni na kurudi kuwaonyesha njia.